Sato anapohema juu ya maji alfajiri, usimpe chakula

Mfugaji wa sato kwenye vizimba upande huu wa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, akifika asubuhi na mapema na kukuta samaki wamejaa juu ya maji, midomo ikifunguka na kufumba, mara nyingi hufurahi na kuagiza ndoo ya chakula iletwe haraka. Ushauri wangu ni kwamba ndoo hiyo irudishwe stoo. Samaki mwenye njaa husogea upande anaotokea mlishaji, huruka na hugombania punje. Anayekosa oksijeni hubaki karibu mahali pamoja, mdomo umegusa uso wa maji, na hata kivuli cha mtu hakimshtui sana.

Ili kuelewa kwa nini chakula humdhuru wakati huo, ni vizuri kukumbuka jinsi samaki anavyoishi na oksijeni kidogo hata siku njema. Lita moja ya hewa tunayovuta ina oksijeni zaidi ya miligramu 200, ilhali lita ya maji yenye joto la nyuzi 25, katika mwinuko wetu wa mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, ikishiba hewa hubeba miligramu 7 hivi. Joto likipanda, kiasi hicho hupungua, na wakati huohuo mwili wa samaki hudai zaidi.

Kiwango kinapoanza kushuka, badiliko la kwanza huonekana kwenye vifuniko vya matamvua, ambavyo hupiga haraka na kufunguka zaidi ili maji mengi yapite. Kazi hiyo ya kupumua nayo hutumia oksijeni. Kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya, mapigo ya moyo wa sato hupungua, jambo linalowashangaza wengi kwa sababu sisi binadamu tukikosa pumzi moyo hukimbia. Kisha samaki hupanda juu, ambako utando mwembamba wa maji unaogusana na hewa una oksijeni nyingi kuliko maji ya chini yake. Hali hiyo ikiendelea kwa siku kadhaa, chembechembe nyekundu za damu nazo hubadilika kwa ndani, na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, huishika kwa urahisi zaidi hata ikiwa chache majini. Ndiyo maana sato huweza kuvumilia kwa muda mfupi hata miligramu 1 kwa lita, kiwango ambacho sangara hawezi kukivumilia.

Lakini uvumilivu huo una gharama. Oksijeni isipotosha, misuli huvunja akiba ya sukari bila oksijeni, njia inayotoa nguvu kidogo sana na kuacha asidi ya laktiki. Damu inapokuwa na asidi, himoglobini hulegeza mshiko wake wa oksijeni, na samaki huzidi kudidimia. Sasa mwongezee mlo juu ya hayo yote: kuusaga na kuujenga mwilini hupandisha mahitaji ya oksijeni kwa saa kadhaa. Chakula kisicholiwa hatimaye huzama, huoza, na bakteria wanaokiozesha hutumia oksijeni ileile. Kwa bei ya chakula cha kuelea ya sasa, hiyo ni hasara mara mbili.

Nimewahi kufungua samaki waliokufa hivyo katika kizimba cha jirani. Midomo ilikuwa wazi, vifuniko vya matamvua vimetanuka kana kwamba bado wanahema, na hapakuwa na kidonda wala ukungu. Wapo waliokuwa wameshaanza kuulizia dawa dukani, na dawa isingesaidia kitu.

Kuhusu kupima, kipimo cha saa nane mchana kinadanganya. Mchana mwani hutengeneza oksijeni kwa msaada wa jua, na usiku mwani huohuo huitumia pamoja na samaki, hivyo kiwango cha chini kabisa hupatikana kabla tu ya kupambazuka. Maji ya kijani kibichi yanayopendeza machoni mchana ndiyo ya kuhofiwa zaidi usiku. Pima ndani ya kizimba, katikati na karibu na sakafu ya wavu, na si pembeni ya boti. Nje ya wavu uliozibwa na mwani kipimo kinaweza kuwa kizuri wakati ndani samaki wanataabika. Upepo mkali nao huweza kusukuma maji ya kina, yaliyokaa muda mrefu bila hewa, yakapanda kuelekea ufukweni. Ziwa likibadilika rangi au harufu baada ya upepo, usisubiri ratiba yako ya kupima.

Mimi huona miligramu 5 kwa lita alfajiri kuwa hali njema na 3 kuwa kengele. Hapo kati samaki hafi, ila hula kidogo, hukua polepole na kinga yake hushuka, na ugonjwa wa bakteria wa streptokoka hupata mwanya. Wafugaji wengi hulaumu vifaranga kwa ukuaji huo mbovu, nami nadhani mara nyingi wanavionea.

Kengele ikilia, acha kulisha, usipange samaki kwa ukubwa wala kuwavua kwa kuwakimbiza, safisha nyavu zilizoziba pindi hali inapotulia, na ukiweza punguza idadi kwa kuuza walioshafikia uzito. Kuzungusha boti la injini karibu na vizimba husaidia kidogo penye kina kikubwa. Penye kina kifupi pangaboi hutibua tope, na tope hula oksijeni iliyobaki. Chakula kirudi siku ambayo kipimo cha alfajiri kimevuka miligramu 4, tena nusu ya kawaida, na kitolewe jua likiwa limeshapanda.