Kubadilisha boila kuukuu bila kufumua mabomba ya nyumba

Boila ya kupasha joto nyumba ikifika mwisho wake, mafundi wengi watakwambia mambo mawili kwa pumzi moja: boila ibadilishwe, na mabomba yabadilishwe pamoja nayo. La kwanza huwa kweli. La pili mara nyingi si kweli. Nimelipitia jambo hili nyumbani kwangu na nikawasimamia ndugu na majirani walipofika hapo hapo, na msimamo wangu ni huu: mabomba ya ukutani na sakafuni yakiwa mazima, yaache yalipo. Tafuta boila itakayokubaliana nayo. Nazungumzia mifumo ya maji ya moto tu. Ile ya zamani inayosambaza mvuke ina kanuni zake na haimo humu.

Jambo linaloamua ukubwa wa kazi ni aina ya boila utakayochagua. Kama ya zamani ilikuwa ya kupasha joto nyumba tu, na maji ya kuoga yanatoka kwenye tangi lake, basi chukua mpya ya aina hiyo hiyo. Ukishawishiwa kuhamia ile inayochemsha maji ya kuoga papo hapo, jua kwamba unaanza mradi mwingine. Maji ya kuoga ya papo hapo yanadai kilowati 24 mpaka 35, wakati nyumba ya kawaida yenye kuta zilizozibwa vizuri huridhika na chini ya nusu ya hizo hata kwenye baridi kali. Kwa hiyo bomba la gesi huenda likahitaji kuongezwa unene, maji baridi yanatakiwa yaingie kwa presha ya kutosha, na lile tangi linakuwa halina kazi. Kuna nyumba zinazofaa mpango huo, ila usiuingie kwa sababu tu boila imekufa katikati ya baridi na unataka jibu la haraka.

Sasa ukubwa. Hapa ndipo watu wanapokula hasara kubwa kuliko mahali pengine popote, maana fundi husoma kibandiko cha boila ya zamani na kuagiza mpya yenye kilowati zile zile. Boila za zamani ziliwekwa kubwa kupita kiasi, na tangu wakati huo pengine madirisha yamebadilishwa na dari limewekewa kizuia joto. Kama unatumia gesi asilia, mita yako ndiyo shahidi mzuri. Ngoja siku ya baridi kali hasa, soma mita, kisha uisome tena baada ya saa 24. Tuseme zimetumika mita za ujazo 18. Kila mita ya ujazo ina nishati ya kilowati-saa 10 hadi 11, kwa hiyo ni kama kilowati-saa 190. Boila kuukuu ikifikisha ndani ya nyumba asilimia 80 ya hiyo, unabaki na 150 hivi. Gawa kwa 24: kilowati 6 na ushei. Hicho ndicho nyumba ilichodai siku hiyo, hata kama kibandiko kinasema 25. Toa makisio ya gesi ya kupikia na ya maji ya kuoga, ongeza kidogo kwa ajili ya siku mbaya zaidi, basi.

Ukishapata namba yako, usiulize nguvu ya juu ya boila peke yake. Uliza inaweza kushuka mpaka ngapi. Isiyoweza kushuka itawaka na kuzima kila baada ya dakika chache msimu wote, na tabia hiyo huimaliza haraka.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoyatetea mabomba yako. Kubeba kilowati 10, maji yakienda yakiwa na nyuzi 20 zaidi ya yanavyorudi, unahitaji lita 7 hivi kwa dakika. Tofauti ikiwa nyuzi 10, unahitaji lita 14. Bomba la shaba la milimita 22 hupitisha kiasi hicho bila taabu, na nyumba za zamani mara nyingi zina mabomba manene kuliko hilo. Fundi akidai mabomba ni membamba, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Penye tatizo la kweli ni ndani ya boila yenyewe. Ile ya chuma cha kutupwa ilikuwa na njia pana na maji mengi tumboni. Mpya ina njia nyembamba sana, na pampu inapaswa kusukuma kwa nguvu zaidi. Mafundi wengine hutibu hili kwa kufunga kipande cha bomba nene lililosimama, lenye midomo minne, miwili ya boila na miwili ya nyumba, na kila upande ukapata pampu yake. Kinasaidia pale mabomba ya nyumba yanapohitaji maji mengi kuliko boila inavyoweza kupitisha. Kwa nyumba ndogo yenye mzunguko mmoja, mara nyingi hakina haja, na kikifungwa ovyo huchanganya maji ya moto na yanayorudi, ukapoteza sehemu ya faida uliyoilipia.

Njia nyembamba hizo zinatuleta kwenye maji. Fungua rejeta ya zamani, yaani lile bamba la ukutani linalopitisha maji ya moto na kupasha chumba joto, utoe maji kwenye bakuli jeupe. Yakitoka meusi kama wino, hiyo ni kutu ya chuma iliyosagika, na ukipitisha sumaku chini ya bakuli utaiona ikijikusanya na kuifuata. Tope hilo boila ya zamani ililivumilia miaka na miaka, mpya litaiziba. Kwa hiyo pesa unayookoa kwa kutobadilisha mabomba, itumie hapa bila kusita: mfumo usafishwe rejeta moja baada ya nyingine mpaka maji yatoke meupe, chujio la sumaku lifungwe kwenye bomba la kurudi kabla ya boila, na maji mapya yatiwe dawa ya kuzuia kutu. Kwetu chujio hilo lilipofunguliwa mara ya kwanza lilikuwa limevaa ukoko mzito mweusi, na hiyo ni baada ya kusafisha.

Mambo mawili mapya hayakwepeki. Boila za kisasa hupoza moshi mpaka mvuke wake ugeuke maji, na huko ndiko zinakopata ufanisi. Moshi huo baridi na wenye unyevu huharibu dohani ya matofali, hivyo unahitaji bomba lake lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Maji yanayotoka yana tindikali, yanahitaji mrija wa plastiki hadi kwenye bomba la maji machafu, na mrija ukipita nje uwe mfupi na mnene usigande. Hita ya maji ya kuoga kama ilikuwa inatumia dohani moja na boila ya zamani, ikaguliwe nayo: ikibaki peke yake kwenye dohani pana, moshi wake huenda ukashindwa kupanda na kurudi ndani. King'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo, kwa kuwa gesi hiyo ya sumu haina harufu. Uunganishaji wa gesi ni kazi ya fundi mwenye leseni, sina mjadala na hilo. Na kamba au vitambaa vyeupe vinavyozunguka boila ya zamani visiguswe kabla ya kupimwa, vinaweza kuwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Kama kuna tangi dogo darini linalolisha mfumo, uliza kama boila mpya inaruhusu libaki. Wengi hulifunga na kuupandisha mfumo kwenye presha ya baa 1 hadi 1.5, na viungo vya zamani ambavyo havijawahi kuonja presha hiyo huanza kuvuja.

Kazi ikiisha, usikubali boila iachwe kwenye nyuzi 80 kama ya zamani. Maji yakirudi yakiwa chini ya nyuzi 55, ndipo moshi wa gesi unapoanza kutoa joto lake lililofichika. Anza na maji ya kwenda ya nyuzi 60, ishi nayo siku kadhaa, kisha shusha kidogo kidogo mpaka chumba kimoja kianze kuwa na baridi. Kabla ya kupandisha tena, punguza vali za rejeta zilizo karibu na boila ili maji yafike kwenye chumba hicho. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha.