Usimpulizie dawa huyo mdudu wa kijani

Dada, umeuliza kama umpulizie dawa mdudu anayeng'aa uliyemkuta uani kwako Texas, chini ya kinyesi cha mbwa. Tafadhali usimpulizie. Kwa ulivyomweleza, huyo ni Phanaeus vindex, mbawakawa wa mavi, na haumi mtu wala mbwa. Mtazame kwa karibu: kifua kinawaka kama shaba iliyosuguliwa, mabawa ni ya kijani, na dume ana pembe nyeusi iliyopinda kurudi nyuma. Pembe hiyo si ya kukuchoma. Madume husukumana nayo shimoni wakigombea jike. Uzuri ulioje kwa mdudu wa sentimita 1 au 2!

Wengi hudhani mbawakawa wote wa mavi huviringisha madonge juu ya ardhi. Huyu huchimba. Dume na jike hukiteremsha kinyesi chini, kikafinyangwa donge, yai likatagwa, na buu akakila humo mpaka akue. Bustani yako inapata mbolea bure.

Ukiinua kinyesi kwa kijiti ukaona tundu na udongo mbichi pembeni, hapo paache. Na kama jirani anafuga ng'ombe, mwambie dawa ya minyoo ya ivamektini hutoka na kinyesi ikaua mabuu.