Mzee hapati choo: kabla ya kuongeza haluli, kagua haya

Mkuu, umesema babu yako wa miaka 80 anamaliza siku nne bila choo, bisacodyl (kidonge cha haluli, yaani cha kuendesha choo) imegoma, na juzi kaanza kuchafua nguo kwa majimaji. Nimemuuguza mama yangu na hali hiyohiyo, kwa hiyo nianze na hayo majimaji, maana ndiyo yanayonitia wasiwasi.

Huenda huko si kuharisha. Kinyesi kikikaa sana hukauka na kuziba njia, kile chepesi kinapenya pembeni. Kwa mama, duka la dawa la mtaani walitupa vidonge vya kuzuia kuharisha! Muuguzi wa zahanati ndiye aliyevaa glovu, akapima kwa kidole kimoja na kusema, "Hapa pamejaa, mama." Wakamwekea dawa kwa njia ya haja kubwa, pakafunguka. Kwa hiyo babu apimwe kwanza. Ukimwongezea haluli juu ya kizuizi, utamsokota tumbo bure. Na enema ya maji ya sabuni, yaani kuyaingiza kwa njia ya haja kubwa, nyumbani usithubutu, inaunguza utumbo.

Pakishafunguka, kusanya dawa zake zote kwenye mfuko akazione daktari. Mama alikuwa anatumia tramadol, dawa ya maumivu ya magoti, na vidonge vya kuongeza damu, na vyote viwili hufunga choo. Daktari ndiye aliyezibadilisha, usimwachishe wewe.

Halafu kaangalie choo chenyewe. Wazee hawasemi, ila kuchuchumaa kunawashinda, na choo kikiwa uani usiku wanaogopa kutoka. Mama alikuwa hagusi maji baada ya alasiri ili asiamke kukojoa. Nilimwita fundi akatoboa kiti cha mbao, akapiga msasa ukingo wa tundu, tukaweka ndoo chini na pazia mbele. Mwanzoni alikinunia kweli, "mimi si mgonjwa wa kitandani." Alipokizoea, maji akaanza kunywa mwenyewe. Kama choo chenu ni cha kukaa, mwekee kigoda miguuni, magoti yapande juu kidogo ya nyonga. Aende baada ya chai ya asubuhi, maana chakula kikiingia ndipo utumbo mpana unaposukuma. Na msimgongee mlango.

Chakula unakijua: papai, mlenda, maharage, dona badala ya sembe. Anza kidogokidogo, gesi isimtese. Maji yawepo, ila kama ana moyo au figo, kiasi aulize daktari.

Mama sasa anatumia lactulose, dawa ya maji ya kulainisha choo. Huchukua siku moja hadi tatu kufanya kazi, wengi huitupa kesho yake wakidhani ni feki. Bisacodyl ni ya kumeza usiku ili ifanye kazi asubuhi, na isimezwe na maziwa.

Ukiona damu, au anakonda bila sababu, mpeleke hospitali hata kama choo kinatoka. Akitapika, tumbo likavimba na hata ushuzi hautoki, usingoje kupambazuke.