Fikasi ya sebuleni: usihesabu siku, pima udongo

Dada uliyeuliza umwagilie fikasi yako, ule mti wa mapambo wa ndani ya nyumba, mara ngapi kwa wiki, maana miezi 8 sasa haijaongeza hata jani na ya chini yanageuka njano na kupukutika: pole sana. Nimeyapitia hayo hapa Arusha.

Yangu niliinunua kwenye kitalu cha kando ya barabara, ikinifika kiunoni. Kila asubuhi kabla ya kazi niliimwagia kikombe kimoja, bila kukosa. Mwezi wa nne majani yakalegea. Nikadhani ina kiu, nikafanya vikombe viwili. Nilipokuja kuichomoa, chungu cha nje cha mapambo kilikuwa na maji yaliyotuama, na mizizi ya chini ilikuwa myeusi. Ukiivuta, ganda linabaki mkononi kama la nyanya iliyochemshwa. Ilinuka mtaro.

Mizizi nayo inapumua. Udongo ukilowa muda wote, hewa inakosekana, mizizi inaoza, na mzizi uliooza hauvuti maji. Mti unanyauka kwa kiu huku umesimama ndani ya maji, nasi tunazidi kuongeza! Kwa hiyo majani yakilegea, gusa udongo kwanza. Ukiwa umelowa, maji yamezidi. Ukiwa mkavu na chungu ni chepesi ukikinyanyua, hapo kweli una kiu.

Nilikata mizizi yote iliyooza, nikauhamishia mti kwenye chungu kidogo zaidi chenye matundu, nikachanganya udongo na mchanga wa mto na pumba za mpunga zilizochomwa. Tangu hapo kipimo changu ni kijiti cha mshikaki. Nakichomeka hadi katikati ya chungu, nasubiri kidogo, nakitoa. Kikitoka na udongo umenata, siongezi maji. Kikitoka kikavu, namwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini, kisha namwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Wiki ya 7 likachomoza jani jipya.

Kwa kipimo hicho, Januari na Februari nyumbani kwangu namwagilia kila baada ya siku 5 au 6. Juni na Julai, baridi ikishika, mti unapunguza kukua na udongo unachelewa kukauka, nafika hata siku 14. Mti uleule, chungu kilekile. Ndiyo maana siwezi kukuandikia "mara mbili kwa wiki".

Ila usiukaushe kupita kiasi. Niliwahi kusafiri wiki 3, nikakuta udongo umesinyaa na kuachana na chungu. Nikimwaga maji yanapita pembeni yote, katikati pamebaki pakavu. Ikabidi nikiweke chungu kwenye beseni la maji nusu saa. Majani mengi yalianguka, na yaliyofuata yalikuja madogo. Hadi leo kwenye tawi lililotoa majani hayo madogo unaona mahali pingili zilipobanana, kisha zikarefuka tena nilipoirudia ratiba ya kijiti.

Mbolea usiweke sasa, mizizi iliyoumia itaungua. Uchomoe mti wako polepole jioni hii uangalie chini. Mizizi ikiwa migumu na haina harufu, urudishe ulivyokuwa na uanze na kijiti. Ikiwa myeusi na laini, kata bila huruma mpaka ufike penye uzima, na maji usiyaongeze mpaka kijiti kitoke kikavu.