Mistari imejaa, intaneti inakokota: majibu ya maswali yenu kuhusu Wi-Fi

SWALI: Wataalamu, salaam. Nalipia intaneti ya megabiti 50 kwa sekunde. Simu inaonyesha mistari yote ya Wi-Fi, lakini kila ifikapo jioni kurasa zinafunguka kwa kukokota. Mtoa huduma anasema laini yangu haina kasoro. Je, ninunue ruta mpya?
— Msomaji wa ghorofa ya tatu

JIBU: Usinunue chochote kwanza. Intaneti husafiri safari mbili kabla ya kufika kwenye simu yako: kutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta hadi mkononi mwako kwa mawimbi. Ruta mpya haitibu laini mbovu, wala laini kubwa haitibu mawimbi yaliyosongamana. Tafuta kwanza ni safari ipi yenye kasoro.

Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, kisha pima kasi jioni, saa ileile ya usumbufu. Kipimo cha asubuhi hakitakusaidia. Ukipata karibu 50, mtoa huduma amekwambia kweli. Ukipata 12, andika vipimo vya siku tatu pamoja na saa zake umrudie navyo. Malalamiko yenye tarakimu ni magumu kupuuzwa.

Kisha chomoa kebo, rudi kwenye Wi-Fi, fungua dirisha la amri la Windows na uandike ping 192.168.1.1 -t (weka anwani ya ruta yako, mara nyingi imebandikwa chini yake). Amri hii huituma ruta ujumbe mdogo tena na tena na kupima muda wa kila jibu. Mawimbi yakiwa mazuri, majibu mengi hurudi ndani ya milisekunde 10. Yakirukaruka, mara 4, mara 180, mara hakuna jibu kabisa, basi tatizo liko hewani, kwa sababu ujumbe huo haujatoka hata nje ya nyumba yako.

Kwa maelezo yako, tunashuku hewa. Ile mistari hupima jinsi simu inavyoisikia ruta kwa nguvu. Haikuambii ni ruta ngapi nyingine zinaongea kwa wakati huohuo. Jioni majirani wote wako nyumbani, na kwenye masafa ya gigahezi 2.4 nafasi ni finyu: chaneli, yaani vijia ambavyo masafa hayo yamegawanywa, zimeachana kwa megahezi 5 tu, ilhali kila ruta hutumia upana wa takriban 20. Ndiyo maana chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Wengi hukimbilia chaneli ya 3 au 8 wakidhani wamepata pa kupumua, kumbe wamejiumiza. Ruta zilizo kwenye chaneli moja husikizana na kupeana zamu. Iliyo kwenye 3 hupata kelele za walioko 1 na walioko 6, bila kuelewana nao vizuri.

Pakua kwenye simu programu ya kuchambua Wi-Fi, uone kati ya 1, 6 na 11 ni ipi yenye ruta chache au zinazosikika kwa mbali. Iweke hiyo kwenye mipangilio ya ruta, na upana uwe 20, si 40. Baada ya hapo hamishia simu na kompyuta kwenye gigahezi 5. Masafa haya hupenya ukuta kwa shida zaidi, na kwa mkaaji wa ghorofa huo ni msaada: mawimbi ya jirani nayo hufia ukutani. Vifaa vilivyo mbali, na vile visivyojua gigahezi 5, vibaki kwenye 2.4.

SWALI: Nafundisha kwa simu za video. Kila usiku sauti inakatika na picha inaganda, ingawa kipimo cha kasi kinaonyesha megabiti 40. Nimeshabadilisha chaneli, hakuna nafuu.
— Mwalimu

JIBU: Mwalimu, megabiti 40 ulizopima ni za kupakua. Tuna shaka na upande wa kupakia. Simu nyingi hupeleka picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni zikishachomekwa chaji, yaani usiku. Faili hizo hujaza foleni ya kutokea kwenye ruta au modemu (kifaa kinachoiunganisha nyumba na laini ya mtoa huduma), na vipande vidogo vya sauti yako husubiri nyuma yake. Kasi ipo, kinachokuumiza ni kungoja.

Hakikisha hivi: wakati hakuna anayetumia mtandao, andika ping 8.8.8.8 -t (hiyo ni anwani ya Google, nje ya nyumba yako) na uangalie muda, tuseme milisekunde 25. Sasa pakia video kubwa kutoka kifaa kingine. Muda ukipanda hadi 300 au 800, kisha ukashuka upakiaji ulipokwisha, umeipata kasoro yako.

Tiba ya haraka ni kuahirisha uhifadhi wa picha hadi usiku wa manane. Tiba ya kudumu ni kutafuta kwenye ruta kipengele kinachoitwa SQM, au QoS yenye kikomo cha kasi; vyote hupanga foleni ili vitu vidogo visingoje nyuma ya vikubwa. Weka kikomo cha kupakia kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima kwa kebo: ukipima 10, weka 8.5 au 9. Usione uchungu kupoteza hiyo megabiti moja. Kikomo kikizidi uwezo halisi wa laini, foleni hurudi kwenye modemu, ambako ruta haina mamlaka nayo.

SWALI: Chumba cha mwisho hakina Wi-Fi. Nimenunua ripita nikaiweka humo. Mistari imejaa lakini video haziendi.
— Baba wa wanafunzi watatu

JIBU: Ripita hurudia inachosikia. Ukiiweka pasiposikika kitu, itarudia udhaifu huohuo kwa sauti kubwa. Isogeze katikati ya ruta na chumba hicho, mahali ambapo programu ya kuchambua inaonyesha ruta kwenye desibeli −65 au karibu na hapo. (Namba hizi ni hasi: −50 ni nguvu, −80 ni udhaifu.) Hata hivyo, ripita yenye redio moja hupokea na kurusha kwa chaneli ileile, hivyo kasi hushuka hadi nusu au chini yake.

Kama unaweza kupitisha kebo kutoka kwenye ruta hadi chumbani humo, achana na ripita utumie ruta ya zamani. Ipe anwani isiyotumika, kwa mfano 192.168.1.2, zima DHCP yake (kazi ya kuvigawia vifaa anwani), kisha chomeka kebo kwenye tundu lake la LAN (la vifaa vya nyumbani), si la WAN (la kuingizia intaneti). Ipe jina la Wi-Fi na nenosiri sawa na ya kwanza, ila chaneli tofauti. Ukiisahau DHCP ikiwa imewashwa, ruta mbili zitagawa anwani na vifaa vitapotea njia ovyo.

SWALI: Nimepandisha huduma hadi megabiti 300, lakini hata kwa kebo napata 94 tu.

JIBU: Namba 94 inasema yenyewe: hiyo ni kebo au tundu linalofanya kazi kwa megabiti 100. Kasi ya gigabiti huhitaji nyaya zote nane ndani ya kebo; mmoja ukikatika, mara nyingi vifaa hushuka kimyakimya hadi 100. Badilisha kebo kwa iliyoandikwa Cat5e au Cat6, ile ya kati ya modemu na ruta pia. Ikibaki 94, angalia kama matundu ya ruta yenyewe ni ya gigabiti. Nyingi za bei nafuu si za gigabiti, na hapo ndipo ruta mpya inapohitajika kweli.