Kabla hujaizima ile kinga ya swichi, mjue Radia Perlman

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nahudumia mtandao wa ofisi moja hapa Dodoma, upande wa Kisasa. Wafanyakazi walininung'unikia kila asubuhi: ukiwasha kompyuta, mtandao unakawia kama nusu dakika. Chanzo nilikijua. Swichi, vile vifaa vinavyounganisha nyaya za kompyuta za ofisi, zina kinga iitwayo spanning tree ya kuzuia data isizunguke kwenye mduara, na kwa kawaida poti (tundu la swichi) ikichomekwa waya husubiri sekunde 30 kabla ya kupitisha chochote. Nikaizima kinga hiyo kwenye swichi zote. Nikasifiwa, nikanunuliwa na soda.

Kikaja kiangazi. Wa huku mnalijua vumbi la Agosti: fungua dirisha dakika tano, meza zote nyekundu. Mama wa usafi akainua waya sakafuni apate kufagia, akaona ncha moja inaning'inia, akaichomeka kwenye tundu la ukutani lililokuwa wazi. Ncha ya pili nayo ilikuwa ukutani, kwa hiyo waya ukawa mduara. Ofisi nzima kimya. Taa za swichi zikapepesa zote kwa pamoja, nami nikapoteza saa tatu nikiwapigia simu watu wa intaneti wasio na kosa.

Pakiti ya IP, yaani kifurushi cha data ya intaneti, hubeba hesabu inayopungua kila inapovuka rauta, kifaa cha kuunganisha mtandao mmoja na mwingine. Ikifika sifuri, inatupwa. Fremu ya Ethernet, kifurushi kinachopita kwenye nyaya na swichi za ofisi, haina hesabu hiyo. Ikipata mduara inazunguka bila kikomo, na zile zinazotumwa kwa kompyuta zote huzaliana hadi mtandao unajaa takataka tupu.

Kazi ya kuzuia jambo hilo alipewa mtaalamu wa mitandao Radia Perlman miaka ya 1980, akiwa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, Marekani. Jibu lake: swichi (enzi zile ziliitwa madaraja) zipeane habari zenyewe, zichague moja iwe mzizi, ile yenye namba ndogo kuliko zote. Kila nyingine ishike njia fupi ya kufika kwenye mzizi, njia za ziada zifungwe, zinazobaki ziwe na umbo la mti usio na mduara: ndiyo spanning tree. Njia ikikatika, iliyofungwa inafunguka. Hakuna fundi anayeamshwa usiku. Amesimulia kwamba wazo alilipata usiku uleule, na kwa kuwa bosi wake alikuwa likizo, siku zilizobaki za wiki akazimalizia kutunga shairi kuhusu mti wake. Hapo ndipo ninapompenda zaidi.

Vijana wa chuo wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo huwa wanyonge kwa sababu utotoni hawakufungua redio. Perlman naye amesema hakuwa mtoto wa kufumua vifaa. Alisoma hisabati chuo kikuu cha MIT, Marekani, na huko akatengeneza njia ya kuwafundisha programu watoto wadogo ambao hata kusoma hawajui. Udaktari wake wa 1988 ulihusu mtandao unaoendelea kufanya kazi hata baadhi ya vifaa vyake vikisema uongo. Yaani siku zote alianza kwa kukubali kwamba kuna mahali mtu au kifaa kitakosea. Mimi nilianza kwa kudhani kila mtu anajua waya ule ni wa nini.

Kwa hiyo usiizime. Watu wakilalamika kuhusu kusubiri, iambie swichi kwamba poti zile za mezani zina kompyuta tu, zifunguke papo hapo. Kisha ongeza amri ya poti kujifunga yenyewe ikisikia ujumbe wa swichi. Na mzizi uchague wewe. Ukiuacha ujichague, namba ndogo inaweza kuwa ya ile swichi chakavu ya stoo uliyoichomeka kwa dharura.

Yule mama nilimwomba radhi, maana siku ile nilimpandishia sauti. Bado anafanya kazi pale. Akinikuta ananyanyua ncha ya waya juu: "Mwanangu, huu nichomeke?"

"Shikamoo mama. Chomeka popote."