Mtihani wa jiografia ya dunia: anza na maji, majina yatafuata

Wadogo zangu watatu wameniuliza kitu kimoja ndani ya mwezi huu, wote wako mwaka wa kwanza chuo huku Marekani, wote wamepangiwa lile somo la World Regional Geography na wote wanalia, dada ulisomaje maana sisi huku tunazama. Nimeeleza kwenye simu mpaka sauti ikakauka kwa hiyo nimeamua niandike yote, nikiulizwa tena nitume tu.

Kwanza mjue somo lenyewe lilivyo. Semesta moja unazunguka dunia nzima, Ulaya, Urusi na Asia ya Kati, Mashariki ya Kati, Afrika, India na majirani zake, China na Japani, Asia ya Kusini Mashariki, Amerika zote mbili, Australia na visiwa vya Pasifiki. Wiki moja na nusu kila kanda, alafu kwizi ya ramani, alafu mnahama. Watu wanalichukua wakidhani ni la kupumzikia. Mimi nilisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) Tanga mpaka kidato cha sita nikajua hili nitalimaliza nimelala, kwizi ya kwanza ramani ya Ulaya nchi 40 nikapata 19.

Na nilisoma jamani, hilo ndo liliniuma. Niliandika majina yote kwenye karatasi nikawa nayarudia kwenye basi kwenda kazini, nikirudi narudia tena, nimeyameza yote kwa mpangilio wa alfabeti. Sasa ramani tupu haina alfabeti. Unaona kanchi pale katikati, unajua ni Slovenia au Slovakia, moja kati ya hizo mbili, na mkono hauendi. Alafu kuna hili la sisi tuliojua nchi za dunia kupitia redio ya Kiswahili, majina yetu ni mengine kabisa. Uswidi na Uswisi zimenichanganya tangu shule ya msingi na kwa Kiingereza nazo zinafanana vilevile, na Uholanzi nilijaza Holland nikakosa maksi kwa sababu jina la nchi ni Netherlands, Holland ni sehemu tu ya nchi. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kabisa, chukua kidaftari kidogo ukurasa mmoja uandike zile ambazo Kiswahili na Kiingereza havifanani, Ugiriki, Uholanzi, Ureno, Misri, Uajemi na wenzake, uzimalize siku moja na zisikusumbue tena.

Kwizi ya pili ilikuwa Urusi na Asia ya Kati. Zile nchi tano za "stan" niliziandika zote, herufi zote sahihi, zote mahali pasipo pake. Nyuma yangu alikuwa anakaa mama mmoja Mkongo wa Bukavu, umri wa mama yangu kabisa, anasoma huku ana watoto na kazi, na alipata zote. Nikamfuata nje nikamwambia mama shikamoo, naomba unifundishe ulivyofanya. Akakaa kwenye benchi, akageuza ile kwizi yangu upande wa nyuma, akasema kwa Kiswahili chao, "Mwanangu, majina inasahaulika. Anzia ku maji."

Akachora. Upande wa kulia milima, mikunjo miwili mitatu tu ya kalamu, akasema hii ni Pamir na hii Tian Shan. Kutoka kwenye milima akashusha mistari miwili kwenda kushoto, Amu Darya wa chini na Syr Darya wa juu, yote miwili ikaingia kwenye duara dogo, bahari ya Aral. Hapo hajataja nchi hata moja. Ndo akaanza, milimani mito inakoanzia ni Kyrgyzstan na Tajikistan, Kyrgyzstan juu na Tajikistan chini. Katikati ya mito ni Uzbekistan, ndiyo inayogusa wenzake wote wanne. Chini ya Amu Darya mpaka bahari ya Kaspi ni Turkmenistan, na ile kubwa iliyolala juu yao wote kama paa ni Kazakhstan. Haikufika dakika tatu. Nimeandika haya bila kuangalia popote na mtihani wenyewe nilishaufanya zamani, mjue inavyokaa kichwani.

Na utamu wake ni kwamba ukishachora maji, swali la insha limeshajijibu lenyewe. Aral lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Kisovieti ikayachepusha maji ya ile mito miwili kwenda kumwagilia mashamba ya pamba huko jangwani, ziwa likawa halipati maji ya kutosha, likakauka mpaka likagawanyika vipande, chumvi na vumbi lenye madawa ya mashambani likabaki linapeperuka kwenye vijiji, uvuvi ukafa, meli zikabaki zimekaa juu ya mchanga. Kazakhstan wakajenga bwawa la Kok-Aral lililokamilika 2005 na kipande cha kaskazini kikaanza kurudi na samaki wakarudi, kipande cha kusini upande wa Uzbekistan hali ni mbaya mpaka leo. Sasa profesa akiuliza kilimo, mazingira, Umoja wa Kisovieti, au nchi zinazogombania mto mmoja, hadithi hii moja inajibu yote manne, unabadilisha tu unaanzia wapi.

Tangu siku ile tukawa tunasoma wote, mimi na yule mama. Nilikuwa nafanya shifti ya usiku kwenye weahausi, yaani ghala la mizigo, na weahausi haina shida ya maboksi, mapumziko ya nusu saa nakunjua boksi moja nachora bara moja kwa maka peni, kwa kichwa bila kuangalia. Mito, milima, bahari, alafu mipaka, alafu majina. Nikimaliza nafungua simu nalinganisha, pale nilipokosea nazungushia, kesho naanza na palepale. Bara lako la kwanza litaonekana kama kiazi, usijali kabisa, hakuna anayekupima uzuri wa mchoro, unachotafuta ni mkono ujue nani anakaa jirani na nani. Kama dakika 15 hivi kila siku. Asikwambie mtu kwamba kuangalia ramani kwenye simu ni sawa na kuichora, sio sawa, macho yanakudanganya kwamba unajua.

Kuna vitu vidogovidogo vya kushikia ambavyo tulivikusanya njiani. Zile tatu za Baltiki kutoka juu kwenda chini zimejipanga kwa alfabeti, Estonia, Latvia, Lithuania. Amerika Kusini, Brazil inapakana na kila mtu isipokuwa Chile na Ecuador. Uzbekistan haina bahari na majirani zake wote nao hawana (Kaspi na Aral zinaitwa bahari ila ni maziwa), duniani ziko mbili tu za hivyo, nyingine ni Liechtenstein.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nakiamini sana na hakuna aliyeniambia mapema. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunaingia kwenye somo hili na mtaji ambao wanafunzi wengi wa huku hawana, ila tunauacha mlangoni kwa sababu tunadhani ya nyumbani sio ya kitabuni. Ilipofika sura ya India darasa zima liligota kwenye monsuni, pepo zinageuka, kwa nini zigeuke, watu wanaandika tu wameze. Mimi nimezaliwa Tanga. Kaskazi na kusi, zile pepo mbili za pwani, nimezisikia kwa wavuvi kabla sijajua kusoma. Kaskazi kuanzia mwezi wa 12 hivi mpaka wa 3 ndo ilikuwa inaleta majahazi kutoka Omani na Gujarat, kusi ikiingia yanageuza tanga yanarudi. Kumbe ile kusi inayopiga kwetu kutokea kusini mashariki ikivuka ikweta inapinda, inakuwa upepo wa kusini magharibi, inafika India imebeba maji ya bahari nzima na ndo mvua zao za Juni mpaka Septemba. Bara la Asia limepata joto, hewa inapanda, upepo wa baharini unavutwa kuingia nchi kavu, wakati wa baridi inakuwa kinyume. Ni upepo uleule! Nilipolielewa hilo niliacha kukariri monsuni, nikawa naikumbuka tu.

Kivuli cha mvua, ule ukame wa nyuma ya milima, vilevile. Kama umewahi kupanda basi Tanga kwenda Moshi unajua, ukipita Mombo mkono wa kulia milima ya Usambara ya kijani, alafu Upare, na chini ulipo wewe mpaka Same ni vichaka vikavu na vumbi. Upepo wa baharini umeshamwaga maji yake kule juu na upande wa pili. Sasa ichukue hiyo Same ukaiweke Tibet nyuma ya Himalaya, imefanya kazi. Ila hapa kuna mtego na profesa wengi wanaupenda, Andes. Jangwa la Atacama liko magharibi ya Andes, pale unyevu unatoka Amazon upande wa mashariki na milima inauzuia, na tena pwani yake kuna mkondo wa maji baridi wa Humboldt unaozidisha ukame. Ukishuka kusini Patagonia mambo yanageuka, upepo unatoka magharibi, mvua inanyesha Chile na ukavu unabaki mashariki, Argentina. Milima ileile pande tofauti. Kwa hiyo kabla hujajibu swali lolote la ukame jiulize upepo unatoka wapi, usikimbilie upande uliouzoea.

Na Dodoma. Swali la nchi kuhamisha makao makuu halikosekani, Brazil kwenda Brasília mwaka 1960, Nigeria kutoka Lagos kwenda Abuja 1991, Kazakhstan kutoka Almaty kwenda ile inayoitwa Astana 1997. Sisi uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa 1973 na tumeishi na ule mjadala miaka yote, kuweka makao katikati ya nchi, kuvuta maendeleo kutoka pwani iliyojengwa enzi za mkoloni. Andika hiyo ukilinganisha na Brasília uone. Mimi niliandika pia mkonge, zao lenye asili ya Mexico, Mjerumani akauleta kwetu 1893, ukaleta reli na manamba, wale vibarua wa mashambani, na ukajenga mji mzima wa Tanga, nyuzi za plastiki zilipokuja bei ikaanguka, nikaulinganisha na miwa ya visiwa vya Karibi. Profesa aliniandikia pembeni niendelee na mifano ya aina hiyo.

Huyo profesa mwenyewe nenda kamuone. Narudia, nenda. Kwenye silabasi kuna saa zimeandikwa anakaa ofisini anasubiri wanafunzi na sisi wa kwetu hatuendi, tumelelewa kumuogopa mwalimu, tunaona kwenda ni kama kukiri hujui. Mimi nilienda wiki ya sita nikiwa natetemeka, dakika kumi tu, akaniambia vitu viwili vilivyobadilisha semesta yangu, kwamba insha anatoa maksi kwa sababu na matokeo sio kwa wingi wa majina, na kwamba kanda ni mgawanyo wa watu, vitabu havifanani. Hili la pili shikeni sana. Sudan kitabu kimoja kinaiweka Afrika Kaskazini kingine kusini ya Sahara, Uturuki, Afghanistan, hivohivo. Kwenye kuchagua jibu fuata kitabu cha darasa lako, kwenye insha sema wazi kwamba mpaka huo unabishaniwa na kwa nini.

Takwimu usijiue. Idadi za watu za kila nchi mimi sikukariri, nilishika mpangilio na mwelekeo: India imeipita China mwaka 2023 na zote ziko juu ya bilioni 1.4, Japani inazeeka na inapungua, Afrika ndo yenye vijana wengi kuliko bara lolote. Milango ya bahari, zile njia nyembamba za meli, ndiyo ya kushika vizuri, Hormuz, Malacca, Bab el-Mandeb, Suez iliyofunguliwa 1869 na Panama 1914, maana sehemu kubwa ya biashara ya dunia inapita humo na maswali nayo yanapita humo.

Usiku wa kuamkia mtihani usikeshe. Niliomba ruhusa ya shifti moja nikalala, pesa ya siku hiyo ilipotea na sijaijutia. Ukipewa karatasi ya rafu, kabla hujasoma swali hata moja chora mito ya zile kanda unazoziogopa wakati kichwa bado kibichi.

Fainali yetu swali la insha lilikuwa nchi zisizo na bahari, chagua mbili ueleze inavyowagharimu. Nikaandika Uzbekistan, na Bolivia iliyopoteza pwani yake kwa Chile kwenye vita vilivyoanza 1879 na mpaka leo ina jeshi la majini linalofanyia kazi ziwa Titicaca. Nilipotoka nikamkuta yule mama anafunga koti, nikamuuliza ameandika nchi gani. Burundi na Rwanda, akasema, malori ya kutoka bandari ya Dar ameyaona kwa macho yake miaka yote, barabara ikikatika na mvua sukari inapanda bei siku ileile. Kurasa tatu na nusu, na karatasi ikamuishia.